Kwenda Lwiro kuwaona sokwe waliookolewa: mwongozo kwa wazazi na walimu wa Bukavu

Lwiro iko kilomita kama 45 kaskazini ya Bukavu, ukishapita Kavumu, upande wa milima ya Kahuzi. Mwaka 2002, vita vikiwa bado vinaendelea, taasisi ya hifadhi ICCN na kituo cha utafiti CRSN walianzisha pale mahali pa kuwapokea sokwe na kima walionyang'anywa wawindaji, wachuuzi na watu waliokuwa wakiwafuga majumbani. Leo wanaishi pale sokwe zaidi ya 100, pamoja na kima na nyani wa aina nyingi ambao nao wanapita 100. Wageni wanapokelewa, na kufundisha ni sehemu ya kazi ya kituo sawa na kutibu na kulisha.

Mwongozo huu nawaandikia wazazi, walimu na viongozi wa vikundi vya vijana. Jambo moja nataka lijulikane kabla ya hatua zenyewe, kwa sababu zote zinalitegemea: sokwe wa Lwiro wako pale kwa sababu kuna mtu aliyetaka kuwanunua, au aliyetaka nyama ya mama zao. Ukienda ukilijua hilo, macho yako yataona mengi. Ukienda kama mtu anayekwenda kutazama vichekesho, utarudi na picha, na huenda ukawaachia mafua.

Omba ruhusa kwanza

Usiamke asubuhi ukatokea langoni. Kuna siku ambazo madaktari wa wanyama wanapima au wanachanja, siku ambazo kundi linahamishwa kutoka uzio mmoja hadi mwingine, na siku kama hizo mgeni ni mzigo. Familia iwasiliane na kituo angalau wiki moja kabla. Shule iandike barua wiki tatu kabla, yenye muhuri, ikitaja idadi ya watoto, umri wao, darasa, na lugha watakayoelewa vizuri zaidi. Hilo la lugha watu hulisahau. Mtoto wa darasa la tatu akielezwa kwa Kifaransa ataitikia tu kwa adabu. Akielezwa kwa Kiswahili, au kwa Mashi kama anatoka Kabare, ataanza kuuliza.

Katika mazungumzo hayohayo ulizeni kiingilio, saa za kupokea wageni, mahali pa kujikinga mvua ikinyesha, na mahali ambapo watoto wanaweza kula bila kuonwa na wanyama.

Kundi lisipite watoto 20, na kila watoto watano wawe na mtu mzima wao. Najua shule nyingi zina madarasa ya watoto 50 na gari likikodiwa kila mtu anataka kupanda. Gawanyeni darasa, waende siku tofauti. Watoto 50 mbele ya uzio ni kelele tupu: sokwe wanakasirika, wa nyuma hawaoni kitu, na mlezi hasikiki. Kuhusu umri, mimi naona miaka saba ndiyo mwanzo. Wadogo zaidi ya hapo wana mafua karibu kila wiki, na hakuna njia ya kumzuia mtoto wa miaka minne asipige yowe anapomwona sokwe kwa mara ya kwanza.

Kisha kuna usalama. Mapigano ya Februari 2025 yalipita Kavumu kabla ya kuingia mjini, na tangu hapo hakuna anayesafiri barabara ile kwa kudhani tu. Ulizeni siku mbili kabla, na tena jioni ya kuamkia safari. Waulizeni madereva wanaopita kila siku, na waulizeni watu wa kituo wenyewe. Mmoja wao akisita, ahirisheni.

Ukaguzi wa afya, bila huruma

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mahali ambapo mgeni mwenye nia njema anaweza kuua.

Sokwe ndiye mnyama aliye karibu nasi kuliko wengine, yeye na binamu yake bonobo. Kwa vinasaba tunalingana kwa asilimia 98 hivi. Darasani jambo hili linafurahisha, lakini langoni maana yake ni kwamba kinachokushika wewe kifuani kinaweza kumshika na yeye, naye hana kinga uliyoijenga tangu utotoni. Mwaka 2013, kule Kanyawara nchini Uganda, kundi la sokwe 56 wa porini lilipatwa na rinovirusi C, mojawapo ya virusi vinavyowapa watoto wetu mafua ya kila msimu. Watano walikufa.

Basi wakagueni watu wote jioni ya kuamkia safari, kisha tena asubuhi kabla ya kupanda gari. Kikohozi, mafua, homa, kuhara, upele: mwenye hata kimoja abaki, awe mtoto au mwalimu mkuu. Aliye kwenye dawa za kifua kikuu asiende. Na upele mkoani kwetu si jambo la kupuuza: wimbi la mpoksi ambalo dunia nzima ililisikia lilianzia Kamituga mwaka 2023, na sokwe pia huambukizwa mpoksi, kama ilivyowahi kuonekana katika msitu wa Taï nchini Ivory Coast.

Mtoto aliyeambiwa abaki atalia. Mwambieni kweli kwamba anabaki ili wale wengine wasiugue, na mpangieni siku nyingine. Na tangazeni mapema kabisa, kwenye mkutano wa wazazi, kwamba mchango wa mgonjwa utarudishwa. Pasipo ahadi hiyo mzazi aliyekwisha kulipa atamnywesha mtoto parasetamo alfajiri ili homa ishuke, na mtaigundua mkiwa njiani, pale Miti.

Kila mtu awe na barakoa mbili, kwa sababu moja italowa au itaanguka matopeni. Sabuni pia, hata kama mnajua mtaikuta kule.

Mavazi na mzigo

Lwiro ni juu kuliko ziwa, na asubuhi kuna baridi. Sweta, koti la mvua, viatu vilivyofungwa. Hereni za kuning'inia, mikufu, kofia zisizokaza na mifuko inayoning'inia begani viachwe nyumbani. Mkono wa kima hupita kwenye wavu haraka kuliko unavyodhani. Ndizi, karanga na mandazi ya kuwapa wanyama visipakiwe kabisa. Chakula chenu kiwe kwenye ndoo moja yenye kifuniko, ibaki garini.

Wakubwa wachukue kadi ya uchaguzi, wanafunzi kadi zao za shule, na mwalimu nakala ya barua iliyojibiwa na kituo. Kwenye bariere, vile vizuizi vya barabarani, barua yenye muhuri inaokoa muda mwingi.

Barabara

Ondokeni saa moja asubuhi. Mvua ya Kivu hupenda alasiri, na kuanzia Septemba hadi Mei inaweza kuwakuta siku yoyote. Juni hadi Agosti ni kiangazi: vumbi jingi lakini gari halikwami. Mkiwa na uwezo wa kuchagua, nendeni Juni mapema, kabla ya mitihani kuisha na kila mtu kutawanyika.

Mnafuata barabara ya kwenda Goma: Mudaka, Miti, Kavumu, halafu mnaiacha na kupanda kushoto. Pale Miti kuna njia panda ya Tshivanga, makao ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, na dereva anaweza kuwashawishi muunganishe safari mbili kwa siku moja. Kataeni. Gorila wanahitaji siku yao, ruhusa yao na fedha yao.

Familia isiyo na gari ipande teksi ya abiria hadi Kavumu, kisha motari, yaani dereva wa pikipiki. Patana naye bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, mlipe nusu, akungoje. Mtoto mmoja na mtu mzima mmoja kwa kila pikipiki, hata kama motari anasema wanaenea watatu.

Mnunuapo sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, au nanasi pale Mudaka, iwe wakati wa kurudi.

Mkifika

Majengo yatawashangaza watoto. Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti IRSAC mwaka 1947 na kuijengea hapa makao makubwa yenye matao, ua wa ndani na bustani. CRSN ndiyo iliyorithi, na bado kuna maktaba na mikusanyo ya wanyama waliohifadhiwa kwa ajili ya utafiti. Mkitaka kuviona, ombeni, lakini viwe vya mwisho. Mkianza na nyoka ndani ya chupa, watoto watafika kwa sokwe wakiwa wamechoka.

Lwiro pia pana hospitali ya watoto inayojulikana kwa kutibu utapiamlo. Dereva asipige honi, na watoto wasipite wakiimba.

Msalimieni kila mfanyakazi mtakayekutana naye. Wengi ni watu wa vijiji vya jirani, na neno "Asinge", salamu ya Mashi, kutoka kwa mtoto wa mjini linafungua uso wa mlezi mara moja. Nawa mikono, vaa barakoa ifunike pua, kisha sikilizeni maelezo ya mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu naye asikilize. Nimeona watu wazima wakitumia dakika hizo kujibu simu, kisha wao ndio wa kwanza kuvuka mstari.

Msiombe kuonyeshwa karantini. Mnyama aliyefika karibuni hutengwa, anapimwa kifua kikuu, minyoo na magonjwa mengine, na anaonwa na watu wachache sana. Kama ni mchanga, analala akiwa amemkumbatia mlezi wake usiku kucha, kwa kuwa porini mtoto wa sokwe hamwachi mama yake kwa miaka minne au mitano. Jibu la "hapana" kuhusu karantini ni dalili kwamba mmefika kwenye kituo cha kweli. Mahali popote pengine ambapo mgeni anapakatishwa mtoto wa mnyama wa porini kwa malipo, hata pakiitwa hifadhi, ondokeni.

Kanuni hii si ya sokwe pekee. Afrika haina tena dubu wa porini. Wa mwisho, waliokuwa milima ya Atlas, walikwisha karne ya 19. Lakini huko Zărnești, Romania, kuna hifadhi iliyofunguliwa mwaka 2005 kwa ajili ya dubu waliokuwa wamefungiwa vizimbani kwenye mikahawa na vituo vya mafuta, na mgeni wa kule naye huongozwa, husimama nje ya uzio, na hagusi mnyama. Wanafunzi wakiona kwamba taratibu za Lwiro ndizo za vituo vizuri duniani, wanaziheshimu zaidi.

Mbele ya uzio

Simameni nyuma ya mstari aliouonyesha mlezi, mkiwa mstari mmoja, wafupi mbele. Uzio wa sokwe una umeme. Kisha nyamazeni dakika mbili nzima. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ndiyo inayolipa: kundi likishaona kwamba hamna fujo, linarudi kwenye shughuli zake, nanyi mnaanza kuona maisha badala ya kuona wanyama wanaowatazama ninyi.

Msiige sauti zao. Msipige vifua, hiyo ni ya gorila kwanza. Msimkazie sokwe macho, na waonyeni watoto kabla kwamba kucheka huku meno yote yakionekana, barakoa ikiwa imeteremka, kunaweza kueleweka vibaya. Kwa sababu kwao ni hivi: sokwe aliyevuta midomo nyuma, meno ya juu na ya chini yakaonekana yote, hacheki. Anaogopa, au anamwomba mkubwa wake asimpige. Zile picha za sokwe "anayetabasamu" ambazo watu hutumiana kwenye simu ni picha za mnyama mwenye hofu. Anayecheza kweli hulegeza taya, mdomo ukabaki wazi huku meno ya juu yamefunikwa, na anapofukuzwa au kutekenywa na mwenzake anatoa pumzi fupi fupi za haraka. Hicho ndicho kicheko chake, na kwenye kundi la vijana mtakisikia.

Dume akisimamisha manyoya hata akaonekana mkubwa mara mbili, akaanza kuyumba na kutoa sauti inayopanda, huu, huu, huu, hadi ikawa yowe ambalo kundi zima linaitikia, rudini nyuma hatua chache, polepole, bila kukimbia. Anaweza kurusha jiwe, udongo au mavi, na shabaha yake ni nzuri. Hajawachukia ninyi, anawaonyesha wenzake cheo chake, na wageni ni nafasi nzuri ya kufanya hivyo.

Baada ya hapo kila mtoto achague sokwe mmoja amtazame dakika kumi, bila kuhamia kwa mwingine. Wapeni karatasi na penseli. Nani amekaa karibu naye? Nani akipita anampisha? Mkono gani anautumia kumenya? Tazameni mikono hiyo: kidole gumba kiko chini, kifupi, na ngozi ya vifundo vya vidole ni nene na imesuguliwa, kwa kuwa anatembea akiegemea vifundo. Mkiwakuta wawili wanachambuana manyoya, kaeni hapo. Mchambuaji hutenganisha manyoya kwa kidole kimoja, anainama, mdomo unacheza cheza kama mtu anayehesabu kimyakimya, anatoa kijipande cha ngozi au mbegu ya nyasi, anakitazama, anakila. Anayechambuliwa hujinyosha, anainua mkono bila kuambiwa, macho yamefumba nusu. Hivyo ndivyo ugomvi wa asubuhi unavyomalizwa na urafiki unavyolipwa.

Mkimwona mwenye mstari kiunoni au shingoni pasipoota manyoya, mwonyesheni mtoto mkubwa, kwa sauti ya chini. Ni kovu la kamba. Mtoto wa sokwe hufungwa kiunoni na aliyemkamata. Mwili unakua, kamba haikui, inaingia ndani ya nyama. Wengine wamepoteza vidole kwenye mitego ya waya. Mambo haya nayaona ni ya kuambiwa watoto kuanzia miaka kumi, bila kuyapamba na bila kuyaficha.

Kwa kima hali ni tofauti: ni wepesi, wana wivu wa chakula, na watoto hupenda kuwasogelea kwa kuwa ni wadogo. Mstari uleule, kanuni zilezile. Muulizeni mlezi awaonyeshe kima mwenye uso wa bundi, mwenye mstari mweupe ulionyooka katikati ya pua. Ni wa misitu yetu ya mashariki, na watu wengi wa Kivu hawajawahi kumwona.

Maswali yatakayoulizwa, na namna ya kuyajibu

"Papa, kwa nini hawarudishwi msituni?" Mlezi ataulizwa hili kila mara, na mwalimu ajiandae nalo kabla ya safari. Sokwe wa porini wana mipaka ya ardhi yao, na madume wanaolinda mpaka huua mgeni. Kuwaachia huru kunahitaji msitu wenye chakula cha kutosha, usio na kundi lingine la sokwe, na usio na mitego wala bunduki. Hapo ongeza kwamba aliyelelewa na watu hamwogopi mtu, kwa hiyo mwindaji wa kwanza atakayemwita atamfuata. Ndiyo maana wengi watazeekea Lwiro, na sokwe anayetunzwa anaweza kupita miaka 50. Mwanafunzi apige hesabu mwenyewe: mtoto mmoja aliyekamatwa leo ni nusu karne ya chakula, dawa na mishahara.

"Wanazaa?" Kituo hakilengi kuzalisha. Kila nafasi inayojazwa na aliyezaliwa ndani ni nafasi aliyoikosa yatima wa kesho.

"Gorila wako wapi?" Gorila yatima wa mashariki wana kituo chao, GRACE, kule Kasugho katika Kivu Kaskazini.

Halafu kuna swali ambalo wakubwa huogopa na watoto huuliza bila woga: kwa nini sokwe wanakula matunda kila siku wakati kuna watoto wenye njaa hapohapo Lwiro? Msimkemee anayeuliza. Ni swali la haki, na linastahili jibu refu. Chakula cha sokwe kinanunuliwa kwa wakulima wa eneo lile, kwa hiyo gunia la mahindi au kikapu cha mboga ni fedha inayoingia nyumba fulani ya Kabare. Walezi, walinzi na wapishi wanalipwa mshahara mahali ambapo kazi ya mshahara ni adimu. Na msitu ambao sokwe anaishi ndani yake ndio unaoshika maji ya mito inayoshuka hadi kwenye mashamba yetu. Sokwe hula matunda, anatembea mbali, anapanda mbegu kwa kinyesi chake, na msitu unajiotesha. Lakini jibu hilo lisitumiwe kufunga mjadala. Mwambieni mtoto pia kwamba anayemjali sokwe hajakatazwa kumjali jirani yake, na kama darasa linataka kupeleka sabuni au nguo katika hospitali ya watoto siku hiyohiyo, mwalimu aulize mapema na wapeleke.

Picha

Pigeni bila mwanga wa flashi, na mkono usinyooke kupita mstari. Msipige picha zinazomwonyesha mtu na mnyama kama marafiki walio bega kwa bega, hata kwa ujanja wa kamera. Tafiti zimeonyesha kwamba watu wakiona sokwe pichani pamoja na binadamu, wanaelekea zaidi kufikiri kwamba anafaa kufugwa nyumbani, na kwamba bado wako wengi. Mlezi akimbeba mchanga ni kazi yake. Msiirushe picha hiyo mtandaoni bila ruhusa ya kituo. Picha nzuri ya kurudi nayo ni ile ya karatasi ya mtoto aliyemtazama sokwe mmoja kwa dakika kumi.

Siku mtakayouziwa mnyama

Ondokeni Lwiro kabla ya saa nane mchana. Wiki inayofuata, kabla mambo hayajasahaulika, chukueni saa moja ya darasa mfanyie mazoezi tukio ambalo mtoto wa Kivu anaweza kukutana nalo kweli: mtu yuko kando ya barabara, ameshika kima au mtoto wa sokwe kwa kamba.

Mara nyingi mazungumzo huenda hivi:

"Mama, mchukue huyu. Usipomchukua atakufa leo."

"Mwanangu, nikimchukua leo, kesho utanitafutia mwingine. Sinunui."

"Basi nipe hata nauli tu."

"Hata nauli sitoi. Mpeleke kwa watu wa hifadhi, hii hapa namba yao."

Waigize, wabadilishane nafasi, mpaka "sinunui" itoke bila kusitasita. Huruma ndiyo mtego wenyewe. Anayelipa ili kumwokoa huyu mmoja amekwisha kumthibitishia muuzaji kwamba biashara ina soko, na mtoto wa sokwe hapatikani bila kumuua mama yake, mara nyingi pamoja na wengine wa kundi waliojaribu kumtetea. Sheria nayo iko wazi: sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda wanyama wa aina hii nchini, na biashara ya sokwe kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku na mkataba wa CITES. Kasuku wa kijivu pia, tangu 2017, biashara yake imebanwa kwa daraja hilohilo, na Lwiro wanawapokea hao vilevile.

Watoto waelezwe kwamba wao si polisi. Wasibishane na mtu, wasimpige picha usoni, na kama ana silaha au yuko na wenye silaha waondoke kimya. Kazi yao ni kukumbuka mahali, saa, aina ya mnyama na hali yake, kisha kumwambia mzazi au mwalimu. Mtu mzima ndiye anayepiga simu kwa ICCN, kwa walinzi wa Kahuzi-Biega au kwa kituo cha Lwiro. Chukueni namba zao siku ya ziara na zibandikeni ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu. Msiahidi zawadi kwa mtu yeyote anayemleta mnyama.

Ikitokea mnyama ameachwa mikononi mwenu, tuseme muuzaji amekimbia, mwekeni ndani ya sanduku lenye matundu na kitambaa chini, mahali penye giza na joto, mbali na watoto, mbwa na kuku. Msimwogeshe. Msimpe maziwa ya ng'ombe wala bia, maana na hiyo watu huwapa. Aliye macho apewe maji kidogo. Anayemshika awe mmoja tu, mwenye barakoa na glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na akiumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Kamba iliyozama mwilini msiivute. Daktari wa wanyama ataikata mwenyewe.